Kukonda kwa Fundi Bonge

Jina la Bonge alibandikwa na mafundi wenzake siku alipoingia mara ya kwanza kwenye chumba chao cha kushonea, akavuta kiti cha mbao, akakikalia, na kiti kikaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mafundi walicheka mpaka wakafuta machozi. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na ndiyo sababu jina lilinata. Baadaye hata wateja walisimama mlangoni wakauliza, "Bonge yupo?" na hakuna aliyekusudia kumvunjia heshima. Alikuwa mwanamke wa kujaa, mikono laini kama mito, na nguo iliyopita katika mikono hiyo ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo. Wanawake wanene walimpenda hasa, maana alipozungusha tepu viunoni mwao hakutaja kipimo kwa sauti. Alikiandika kwa chaki pembeni mwa meza, na akimaliza kukata anakifuta kwa kiganja.

Mama yake naye alikuwa na mwili kama huo mpaka kisukari kilipomwingia. Mwanzoni kupungua kwake kulikuwa jambo la furaha. Alifika chumba cha kushonea na gauni mkononi, akakaa kwenye benchi la wateja, akangoja zamu yake kama mgeni, kisha akasema, "Nipunguzie kidogo, mwanangu. Limenizidi." Bonge akamtilia pini ubavuni, akapitisha mshono, na mafundi wakamwambia bibi sasa atafute mchumba. Baada ya muda akarudi na gauni lilelile. Akarudi tena. Ikafika siku Bonge alikunja kitambaa ubavuni asikute mwili wa kukizuia, vidole vyake vikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mbavu, na siku hiyo hakuna fundi aliyetania. Kidonda kidogo cha unyayoni kilikataa kupona. Mama akafa gauni likiwa bado linamzidi.

Kwa hiyo Bonge alipoanza kuwa na kiu isiyokatika, akawa anaamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, na tundu la sindano likawa linamchezea machoni, hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikwenda kliniki miguu ikimfa ganzi. Nesi wa pale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alimpima, akamwambia sukari iko juu sana na uzito nao umezidi, tena ule wa tumboni ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaufanya mwili uwe mgumu kuitumia sukari. Akampa vidonge. Akamwambia chai anywe bila sukari, soda aisahau, wali uchukue robo ya sahani na mboga zichukue nusu, na kazini aende kwa miguu. Akipungua, nesi alisema, sukari nayo itashuka. Bonge aliitikia kila neno. Nesi hakujua kwamba anazungumza na mtu ambaye amekwisha kuona kukonda kunavyoanza na kunavyoishia.

Akafuata. Alifuata kama mtu anayefukuzwa. Nyumbani alikaa na binti yake, ambaye mume wake alikuwa anafanya kazi mbali, na mjukuu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Binti alipika, Bonge akajipakulia kwenye sahani ya mtoto. Alipopita mbele ya duka la mikate alivuka barabara, maana harufu pekee ilimfanya ajisikie kama anamsaliti mtu. Fundi wa suruali, mwanamume mwenye ulimi mkali ambaye kila mtu alimwita Mkasi, alimwuliza kama ameapa au ameachwa. Bonge akamjibu kwamba ameamua kubakiza chakula ili na wengine wale. Walicheka. Alikuwa bado anacheka wakati huo.

Mwili ukaitika. Mashavu yalianza, kisha kidevu, kisha mikono. Miguu ikaacha kufa ganzi jioni. Tundu la sindano likarudi kuwa moja. Kliniki, nesi alitabasamu alipoona vipimo, akamtaka arudi mwezi unaofuata bila kukosa ili waangalie tena na dawa. Mtu mwingine angetoka pale anaimba. Bonge alirudi nyumbani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, na kilichomtazama kilimfanya akae kitandani. Mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza. Ilikuwa mifupa ya mama yake.

Tangu siku hiyo hakutaka kuzigusa nguo zake. Alikuwa fundi, angeweza kupunguza gauni moja wakati maji ya chai yanachemka, lakini kila aliposhika pini ya kujitilia ubavuni aliirudisha mezani. Aliona kwamba mshono ule wa kwanza ndio uliofungua njia ya mama. Basi akawa anavaa magauni yaleyale ya zamani, yakimning'inia mabegani na kufagia sakafu.

"Bonge, hilo gauni mnakaa wangapi?" Mkasi aliuliza siku moja. "Kama kuna chumba kimebaki, mimi natafuta pa kupanga."

Alicheka kidogo tu, kisha akainamisha kichwa kwenye cherehani. Mkasi aliona, na baada ya hapo hakutania tena kuhusu gauni. Jambo hilo lilimtisha Bonge kuliko utani wenyewe.

Watu wakaanza kusema. Mtaani kukonda si habari njema, na kila aliyemtazama alikuwa na ugonjwa wake wa kumpa. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alifika kutoka upande wa pili wa mji na kapu la vyakula. Alipofunguliwa mlango aliweka kapu chini akaziba mdomo. Alikula, akanywa, akazungumza habari za watu wote, na alipokuwa anaaga ndipo alilitoa lililomkaa kooni. Alisema hakutaka kusema, lakini alipoingia alidhani amefunguliwa na marehemu wifi yake. Yule wa siku za mwisho, alisema, si yule wa zamani. Binti alimtazama vibaya, lakini neno likawa limeshaingia nyumbani na halikutoka na shangazi.

Bonge akazidisha. Nesi alikuwa amemwambia apunguze, yeye akaanza kuacha. Asubuhi alimeza vidonge vyake vyote kwa chai tupu, halafu akashika njia ya kazini na tumbo likiwa halina kitu. Aliona kwamba kama mama alikufa kwa sukari, yeye hataiachia sukari hata mahali pa kusimama.

Mara ya kwanza mama alipokuja, jua lilikuwa linakaribia utosini. Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa kelele zake za kila siku, vyerehani vikikimbizana, pasi ikifuka mvuke, redio ya Mkasi ikikoroma. Bonge alikuwa anakata sare za shule. Jasho jembamba, la baridi, likamtoka mgongoni. Mkono wenye mkasi ukaanza kutetemeka, moyo ukadunda kama mtu anayegonga mlango, na kelele zote zikarudi nyuma, zikawa kama zinatoka nyumba ya jirani. Aliponyanyua macho, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, gauni limelala mapajani.

"Nipunguzie kidogo, mwanangu."

Hakupiga kelele. Alisimama tu, mkasi ukiwa wazi mkononi. Mama alingoja kwa uvumilivu uleule, akitazama mafundi wengine kwa zamu, kama anayetafuta wa kumsalimia. Wakati huohuo mwanamke wa chai alikuwa anapita na birika, akaweka kikombe mbele ya kila fundi, na Bonge, kwa kutojua la kufanya, akanyanyua kilichokuwa karibu akanywa. Kilikuwa cha Mkasi. Kilikuwa na sukari ya kutosha watu wawili. Alikimaliza. Polepole kelele zikasogea karibu, jasho likakauka, na kwenye benchi hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo Bonge alipokosea, na hakuna wa kumlaumu, maana mtu aliyefiwa huyapanga mambo kwa kufuata msiba wake. Aliyaweka pamoja akaona yanaelewana: mama amekuja kwa ajili ya sukari. Ameinywa kupitia mdomo wa mwanawe, akaridhika, akaondoka. Kilichomuua ndicho anachokitaka bado, na kila nitakapompa, Bonge alijiambia, nitakuwa nimesogea hatua kuelekea alipo. Akakata shauri. Akija tena, hapewi.

Alikuja tena, na akaendelea kuja. Daima ilikuwa kabla ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, na daima jasho na mtetemeko vilimtangulia kama watu wanaofungua mlango kwa mgeni. Bonge aliuma meno. Alishika ukingo wa meza, akasubiri, na mwili mzima ukilia utiliwe kitu kitamu chochote, hata punje. Mara nyingine hali hiyo ilipita baada ya kula zile mboga zake za mchana. Mara nyingine alijikuta ameshona mkono wa shati mahali pa mfuko, asikumbuke. Mafundi walimrekebishia kimyakimya. Tarehe ya kliniki ikafika, ikapita. Aliogopa kwamba nesi atamwuliza anajisikiaje, naye atajibu ukweli, na baada ya hapo watamwita jina jingine, la watu wanaoongea peke yao.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata moyoni mwake alilizungukia bila kulitazama. Alikuwa ameanza kumngoja. Hofu ilikuwepo, ilimkaba hasa, ila nyuma ya hofu kulikuwa na sauti ile, na namna ile ya kusema "mwanangu" ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua. Siku ambayo mama hakuja, Bonge alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa na kitu.

Ikatokea siku ya mapumziko. Binti alikuwa uani anafua, Bonge amebaki chumbani na mjukuu, anamrusharusha mapajani. Hakuwa amekula, vidonge alikuwa amemeza. Jasho lilikuja, na mtetemeko, na safari hii ulikuja upesi na kwa nguvu, mpaka kuta zikasogea. Mama aliingia kwa mlango wa mbele kama mtu wa nyumbani. Hakuwa na gauni. Alisimama mbele yake, akanyoosha mikono.

"Nipe nimshike," akasema. "Sijawahi kumshika huyu."

Ilikuwa kweli. Mama alikufa mtoto hajazaliwa. Na ombi lenyewe lilikuwa la haki, ombi la bibi yeyote, hata Bonge hakuona cha kukatalia. Alisimama. Alimwinua mtoto kwa makwapa, akamnyoosha mbele, juu ya sakafu ya saruji, na akaanza kulegeza vidole.

Binti aliingia kuchukua sabuni. Aliona mama yake amesimama, macho yamekwenda mbali, gauni lote limelowa jasho, anamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye hayupo. Hakuwahi kusimulia alivyovuka chumba kile. Alichokumbuka ni uzito wa mtoto ulipoangukia mikononi mwake, na sauti ya mama yake ikisema, kwa upole kabisa, "Mshike vizuri, mama." Kisha Bonge akaanguka.

Majirani walimbeba mpaka kliniki. Walipomtoboa kidole, sukari ilikuwa chini sana, na nesi hakungoja maelezo, alimtundikia dripu ya maji ya sukari mshipani. Bonge alirudi kidogokidogo. Cha kwanza alichouliza ni mtoto yuko wapi. Binti akamwonyesha, akiwa amembana kifuani kwa mikono yote miwili, na hakumsogeza karibu. Bonge aliliona hilo. Hakuna maneno ambayo yangemchoma kama hiyo hatua ambayo binti yake hakuipiga.

Alipoweza kukaa, alisema yote. Alisema na ya benchi, na ya gauni, na ya chai ya Mkasi. Nesi alivuta kiti akasikiliza, hakucheka wala hakutikisa kichwa.

"Mama yako alikonda kwa sababu sukari yake ilikuwa juu na mwili haukuweza kuitumia, ukawa unajila wenyewe," alisema. "Wewe umekonda kwa kupunguza chakula na kutembea, na sukari yako imeshuka kwa sababu hiyo. Kwa macho ya mtu wa njiani mnafanana. Ndani mlikuwa mnakwenda njia mbili tofauti."

Akamweleza kwamba dawa aliyopewa ilikuwa ya yule Bonge wa zamani. Mwili uliopungua hauwi mgumu tena kwa sukari, na vidonge vilevile sasa vilikuwa vinaishusha kupita kiasi, hasa kwa mtu anayemeza na kushinda njaa. Ndiyo maana alimtaka arudi. Kimoja kati ya vidonge vyake, kile kidogo, kingekatwa nusu tangu mwezi uliopita, labda kingeachwa kabisa baadaye. Jasho, mtetemeko, moyo kwenda mbio: huo ni mwili unaoomba sukari, na unapewa palepale, kisha mtu anakula.

"Na anayekuja?" Bonge aliuliza.

"Ubongo ukikosa chakula huona mambo," nesi alisema. "Kwa nini unamwona yeye na si mwingine, hilo mimi sijui."

Alirudi nyumbani na nusu ya kidonge. Asubuhi akawa anakula kwanza, yai na mboga na kipande cha mkate, kisha anameza. Sukari ilitulia. Uzito uliendelea kupungua taratibu, kisha ukakaa pale ulipopata pa kukaa. Siku moja, bila kumwambia mtu, alisimama mbele ya kioo, akajitilia pini ubavuni, akapitisha mshono kwenye gauni lake la kwanza. Lilimkaa. Mkasi alipiga mluzi akasema wale wapangaji wengine wamehamishwa lini, na Bonge akacheka kicheko chake chote, kile cha siku ya kiti. Binti alianza tena kumwachia mtoto, kwanza akiwa amesimama mlangoni, baadaye akiwa uani, baadaye akienda mpaka sokoni.

Jua lilipofika utosini, benchi la wateja lilikuwa na wateja tu.

Hakuna aliyemwonya kuhusu hilo. Watu wote walimpongeza, shangazi alikuja akamsifu kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo, nesi alimwonyesha kwa wagonjwa wengine kama mfano. Na Bonge alishukuru, maana alitaka kuishi, alitaka kumwona mtoto yule akivaa sare ya shule aliyomshonea mwenyewe. Lakini kila siku ilipokaribia adhuhuri mguu wake uliacha kukanyaga cherehani, akasikiliza. Mwili wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Hapakuwa na jasho. Mama alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kuhani.

Asubuhi moja binti alikuwa anamwogesha mtoto. Bonge alikaa mezani, chakula mbele yake, akamimina vidonge kiganjani. Kile kidogo kilikuwa kizima, bado hakijakatwa. Alikitazama muda mrefu. Aliijua njia sasa, ndiyo taabu ya kuelezwa mambo vizuri. Angekimeza kizima, angesukuma sahani pembeni, angekwenda kazini kwa miguu, na kabla ya mchana angesikia akiitwa mwanangu. Mara moja tu. Angekuwa na sukari mfukoni. Angemwuliza tu kama mguu bado unauma.

Mtoto alipiga maji kwa kiganja chumba cha pili, akacheka. Bonge aliona mkono wake umeshafika karibu na mdomo.

Alisimama, akaenda mpaka kwenye beseni, akamnyooshea binti yake kiganja chenye vidonge, na chupa ya dawa kwa mkono mwingine.

"Vikae kwako hivi," alisema. "Uwe unanipa wewe. Na usiondoke mpaka nimekula."

Binti alimtazama, sabuni ikimchuruzika mpaka kiwikoni. "Kwa nini, mama? Si umepona?"

"Ndiyo maana," Bonge alijibu. "Nikiugua namwogopa. Nikipona namtamani."

Binti alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua chupa akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo yeye mrefu alifika na mama yake hakufika. Akakata kidonge kwa kisu. Kisha akamvika mtoto, akampakata, akakaa mezani mbele ya mama yake. Bonge akala. Alitafuna polepole, machozi yakimshuka bila sauti, na binti akamtazama mpaka sahani ikawa tupu.